Kura, Barabara, Mahakama au Kikao: Kijana wa Ulaya Anayetetea Tabianchi Achague Njia Ipi?

Tarehe 9 Aprili 2024, mjini Strasbourg, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa kwa siku moja maamuzi matatu kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Vijana sita kutoka Ureno, waliokuwa wameishtaki nchi yao pamoja na nchi nyingine 32, waliambiwa kwamba shauri lao halipokeleki. Siku hiyo hiyo akina bibi wa Uswisi, waliojiunga katika chama chenye wanachama zaidi ya 2,000 na wastani wa umri uliopita miaka 70, walishinda. Sayansi iliyowekwa mbele ya majaji ilikuwa moja, na uchungu wa vijana wa Ureno, ambao mwaka 2017 waliona moto wa misitu ukiua zaidi ya watu 100 nchini mwao, haukuwa mdogo kuliko wa wale wazee waliolalamikia mawimbi ya joto. Waliachana katika njia waliyoipita. Akina bibi walianzia kwa mamlaka za Uswisi, wakakataliwa, wakapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi mahakama ya juu ya nchi yao, na hapo ndipo walipokwenda Strasbourg. Vijana hawakupitia kwanza mahakama za Ureno, na zaidi ya hapo walitaka nchi nyingine ziwajibike kwa watu wasioishi ndani ya mipaka yake.

Nimeanzia hapo kwa sababu kijana anayeishi Ulaya leo, akiwemo mtoto wa familia ya Waswahili aliyekulia Rotterdam, Malmö au Dublin, hana upungufu wa milango ya kubisha. Anaweza kupiga kura, kuandamana, kushtaki, kukusanya sahihi, kuandika ombi bungeni au kuketi katika baraza la vijana. Kila mlango una watu wanaousifu, na sifa zao mara nyingi ni za kweli. Mimi nimejaribu kuipima kila njia kwa swali moja: ukiitumia, ni nani anayelazimika kukujibu, ndani ya muda gani, na asipojibu kutatokea nini? Njia inayoonekana ya heshima zaidi huenda ndiyo isiyomlazimisha mtu yeyote, na kijana hana budi kulijua hilo kabla ya kuitolea miaka yake.

Sanduku la kura na barabara

Njia hizi mbili huzungumzwa kana kwamba anayependa moja hana imani na nyingine. Tuanze na kura. Austria ilishusha umri wa mpiga kura hadi miaka 16 mwaka 2007, Malta ikafuata mwaka 2018, na katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa Juni 2024 Ujerumani na Ubelgiji nazo ziliwapokea wenye miaka 16, huku Ugiriki ikianzia miaka 17. Katika nchi nyingine za Umoja wa Ulaya mpaka ulibaki miaka 18. Wapo wanaosema kijana wa miaka 16 hajakomaa kiasi cha kuchagua. Jibu zuri limetoka Scotland, ambako vijana wa umri huo walishiriki kura ya maoni ya uhuru mwaka 2014. Uchunguzi uliofanywa kwa niaba ya Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ulikuta kwamba asilimia 75 ya wenye miaka 16 na 17 walisema wamepiga kura, ilhali miongoni mwa wenye miaka 18 hadi 24 walikuwa asilimia 54. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kijana wa miaka 16 bado yuko nyumbani na shuleni, anasikia mjadala mezani na darasani, na anajua kituo cha kupigia kura kiko wapi. Yule wa miaka 20 mara nyingi amekwisha kuhamia mji wa chuo au wa kazi, ambako hajajiandikisha wala hajui diwani wake ni nani.

Udhaifu wa kura ni wa hesabu. Nusu ya watu wa Umoja wa Ulaya wamepita umri wa miaka 44. Msomaji wa Tanzania, anayeishi katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu hawajafika miaka 20, huenda asione mara moja maana yake: Ulaya vijana ni wachache, na hata wangejitokeza wote bado wasingetosha kuunda wingi. Kwa hiyo kila anayebaki nyumbani anaongeza pengo ambalo tayari lipo. Utafiti unaofanywa kwa niaba ya Bunge la Ulaya baada ya kila uchaguzi ulionyesha kwamba mwaka 2019 asilimia 42 ya walio chini ya miaka 25 walipiga kura, na mwaka 2024 wakashuka hadi asilimia 36. Mwaka 2019 kundi la vyama vya Kijani lilipata viti 74, na Desemba ya mwaka huo Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo, ikatangaza Mpango wa Kijani wa Ulaya, wa kupunguza gesi joto. Mwaka 2024 kundi hilo lilirudi na viti 53, na tangu hapo sheria kadhaa za mazingira zimesogezwa mbele au kulegezwa. Sisemi kwamba vijana peke yao walileta lile la kwanza au hili la pili. Ninachosema ni kwamba mwanasiasa huhesabu viti, na asiyepiga kura hayumo katika hesabu yake.

Barabara haina sharti la umri wala la uraia, na hilo ndilo lililoipa nguvu. Tarehe 20 Agosti 2018 Greta Thunberg, akiwa na miaka 15, aliketi peke yake nje ya bunge la Sweden mjini Stockholm. Miezi saba baadaye, tarehe 15 Machi 2019, vijana zaidi ya milioni moja duniani walitoka madarasani kwa siku moja, na kabla ya hapo Vanessa Nakate alikuwa amekwisha kuanza mgomo wake mjini Kampala. Ujerumani ndipo mahali pazuri pa kuipima njia hii. Tarehe 20 Septemba 2019 waandaaji walihesabu waandamanaji milioni 1.4 nchini humo, na siku hiyo hiyo serikali ilitangaza mpango wake wa tabianchi. Ndani yake mlikuwa na bei ya hewa ukaa itakayoanza kwa euro 10 kwa tani, kiasi ambacho waandamanaji walikiona ni kidogo mno. Miezi mitatu baadaye, baada ya mvutano kati ya mabunge mawili ya nchi hiyo, bei ya kuanzia ilipandishwa hadi euro 25.

Waswahili husema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na wapo mawaziri wanaoyatazama maandamano kwa jicho hilo. Ukweli ni kwamba barabara haimlazimishi mtu kujibu. Inaweza kuileta hoja mezani kwa kasi ambayo njia nyingine haina, lakini ikishafika mezani waandamanaji hawamo chumbani. Tena inachoka upesi. Janga la Uviko-19 lilipowafungia watu majumbani mwaka 2020, umati ulitawanyika, na haukurudi tena kwa ukubwa ule. Kijana asiye raia ana haki ya kukusanyika kwa amani kama wengine, kwa kuwa Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu haukuweka haki hiyo kwa raia tu. Hata hivyo, kama kibali chake cha kuishi kinangoja kuhuishwa, namshauri abaki katika maandamano yaliyotolewa taarifa kwa mamlaka, na awaachie wenzake wenye uraia yale ya kuziba barabara.

Mahakamani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo swali langu linapopata jibu lililo wazi kuliko kwingine: mahakama ikipokea shauri lako, inalazimika kutoa uamuzi wenye sababu, na serikali iliyoshindwa inapaswa kuutii.

Mfano bora bado ni wa Ujerumani. Sheria ya tabianchi ya Desemba 2019 iliweka lengo la kupunguza gesi joto kwa asilimia 55 ifikapo 2030, ikilinganishwa na 1990, lakini kuhusu miaka baada ya 2030 haikusema kwa kina. Vijana kadhaa, miongoni mwao Luisa Neubauer, aliyekuwa sauti kubwa ya maandamano, na vijana wa familia ya wakulima katika kisiwa cha Pellworm kinachotishiwa na Bahari ya Kaskazini, walifungua malalamiko katika Mahakama ya Katiba iliyoko Karlsruhe. Walalamikaji wengine walikuwa wakazi wa Bangladesh na Nepal. Uamuzi uliotangazwa tarehe 29 Aprili 2021 ulisema kwamba sehemu ya sheria hiyo inakiuka katiba. Hoja ya majaji inastahili kusomwa polepole. Walisema kiasi cha gesi ambacho nchi inaweza bado kutoa kina kikomo, na kizazi cha sasa kikitumia sehemu kubwa ya kiasi hicho kwa starehe, waliozaliwa karibuni watalazimika kujinyima kwa ghafla na kwa ukali hata uhuru wao wa kila siku uminywe. Basi kuahirisha mzigo leo ni kuingilia uhuru wa kesho, na katiba inaulinda uhuru huo tangu sasa. Hapo umri mdogo wa mlalamikaji uligeuka kuwa hoja ya kisheria, maana ndiye atakayekuwepo.

Majibu yalikuja haraka. Mwaka huo huo bunge lilirekebisha sheria: asilimia 65 ifikapo 2030, asilimia 88 ifikapo 2040, na mwaka wa kufikia uwiano sifuri, yaani kutotoa gesi joto zaidi ya inayoondolewa hewani, ukasogezwa kutoka 2050 hadi 2045. Maandamano hayakuwahi kupata mabadiliko makubwa kiasi hicho kwa muda mfupi hivyo. Na bado, bila maandamano ya 2019 sidhani kama sheria yenyewe ingekuwepo ya kupelekwa Karlsruhe.

Malalamiko ya katiba nchini Ujerumani hayatozwi ada ya mahakama, na hilo huwavutia wengi. Gharama iko kwingine, katika miaka ya kungoja na katika ushauri wa wanasheria na wanasayansi, ambao kwa kawaida hutoka kwa jumuiya za mazingira. Nchini Uholanzi shauri la taasisi ya Urgenda lilipata ushindi wa kwanza mwaka 2015 na likafika mwisho katika mahakama ya juu ya nchi hiyo Desemba 2019, serikali ilipoamriwa kupunguza gesi joto kwa angalau asilimia 25 ifikapo mwisho wa 2020. Tena ushindi unaweza kuliwa kidogo kidogo. Ujerumani ilirekebisha tena sheria yake mwaka 2024 na kulegeza malengo ya kila sekta, na mabunge mawili ya Uswisi, miezi miwili tu baada ya ushindi wa akina bibi, yalipitisha tamko la kusema kwamba nchi inafanya ya kutosha. Anayekwenda mahakamani ajipange pia kwa kazi ya baada ya hukumu.

Sahihi milioni moja, au ombi la mtu mmoja

Tangu Aprili 2012 wananchi wa Umoja wa Ulaya wanaweza kuitaka Tume ya Ulaya ipeleke pendekezo la sheria, wakikusanya sahihi milioni moja ndani ya miezi 12 na kufikisha kiwango kilichowekwa katika nchi zisizopungua saba. Sharti la kuwa raia wa nchi mwanachama halina msamaha. Umri hufuata ule wa kupiga kura, ingawa nchi zinaruhusiwa kushuka hadi miaka 16. Zaidi ya harakati 100 zimesajiliwa. Zilizofikisha milioni hata 20 hazifiki.

Zikifika, Tume inalazimika kueleza ndani ya miezi sita itafanya nini na kwa sababu gani, lakini hailazimiki kuleta sheria. Harakati ya haki ya maji ilifaulu kwanza, mwaka 2013, na ilibidi kungoja hadi 2020 kuona mwongozo wa maji ya kunywa ukirekebishwa. Ile ya kuondoa vizimba vya mifugo ilikusanya takriban sahihi milioni 1.4, Tume ikaahidi mwaka 2021 kwamba pendekezo litakuja kabla ya mwisho wa 2023, na mwaka huo ukapita bila pendekezo. Kwa kijana mmoja au klabu ya shule naona njia hii ni ndefu mno, isipokuwa kama wanajiunga na jumuiya kubwa yenye ofisi katika nchi nyingi.

Ombi kwa Bunge la Ulaya ni jambo jingine, na ninashangaa jinsi linavyojulikana kidogo. Mtu yeyote anayeishi katika Umoja wa Ulaya, raia au asiye raia, peke yake au na wenzake, anaweza kuwasilisha ombi katika kamati ya maombi, mradi jambo lenyewe limo katika mamlaka ya Umoja na linamgusa. Hakuna idadi ya sahihi inayotakiwa. Kamati inaweza kuitaka Tume itoe maelezo, na mtoto wa mkimbizi kutoka Bukavu anayeishi Liège analo jina sawa na la mzaliwa wa Liège katika orodha ya waombaji. Likihusu jambo dogo na mahususi, kama maji machafu ya mto fulani au sheria ya hewa safi isiyofuatwa mjini, huzaa matunda kuliko likihusu tabianchi yote.

Bunge hilo pia hupitisha maazimio yasiyofunga mtu. Wasomaji wa pwani wanalikumbuka lile la Septemba 2022 kuhusu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, ambalo liliitaka kampuni ya Ufaransa inayoongoza mradi isite kwa mwaka mmoja na kuchunguza njia nyingine. Bunge la Uganda lililikemea, na ujenzi ukaendelea.

Kualikwa ukumbini

Mwaliko una utamu wake, na hapa ndipo naomba kijana awe makini kuliko kote.

Ufaransa, baada ya ghasia za waandamanaji wa vizibao vya njano waliopinga kodi ya mafuta, iliita baraza la wananchi 150 waliopatikana kwa bahati nasibu, wenye miaka 16 na kuendelea, nalo likakutana kuanzia Oktoba 2019 hadi Juni 2020. Walipewa kazi nzito: kupunguza gesi joto kwa angalau asilimia 40 ifikapo 2030 kwa namna inayojali haki ya kijamii. Walisikiliza wataalamu, wakajadiliana, wakatoa mapendekezo 149. Rais Macron alikuwa ameahidi kuyapeleka bila kuyachuja, kisha akayakataa matatu waziwazi, na mengi kati ya yaliyobaki yakapunguzwa makali njiani. Baraza lilitaka safari za ndege za ndani zifutwe pale penye treni ya muda usiozidi saa nne. Sheria ya Agosti 2021 ikasema saa mbili na nusu. Wajumbe walipokutana tena Februari 2021 kupima jinsi serikali ilivyoyazingatia mapendekezo yao, waliipa wastani wa alama 3.3 kati ya 10. Kazi yao ilikuwa nzuri, na ahadi waliyopewa haikuwa na nguvu ya sheria.

Ireland ilifanya vizuri zaidi. Baraza lake la wananchi lilijadili tabianchi mwaka 2017, na mapendekezo yakakabidhiwa kwa kamati ya pamoja ya bunge iliyotakiwa kuyafanyia kazi. Mwaka 2022 watoto na vijana 35 wenye miaka 7 hadi 17 walipewa baraza lao kuhusu kupotea kwa bioanuwai.

Mabaraza ya kudumu ya vijana nayo yanatofautiana. Mazungumzo ya Vijana ya Umoja wa Ulaya hukusanya maoni kwa mizunguko ya miezi 18 na kuyafikisha kwa mawaziri, ambao huyatia katika maazimio. Finland imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya serikali za mitaa ya 2015 inaitaka kila manispaa iwe na baraza la vijana au chombo kama hicho, na ikipe chombo hicho nafasi ya kushiriki katika mipango ya manispaa. Katika Baraza la Ulaya la Strasbourg, ambalo ni chombo cha nchi 46 na halimo ndani ya Umoja wa Ulaya, wawakilishi 30 wa jumuiya za vijana huketi na maofisa wa serikali na kuamua pamoja vipaumbele na bajeti ya sekta ya vijana. Huko kijana ana kura, na ndiyo maana nauheshimu mfumo huo, ingawa bajeti yenyewe si kubwa. Ukialikwa popote pengine, uliza kabla ya kukubali kama mapendekezo yatajibiwa kwa maandishi, na nani, na lini. Asiyeweza kukujibu hayo anakutafuta kwa ajili ya picha.

Basi nani apite wapi

Mwenye miaka 14 au 15 aanze na baraza la vijana la manispaa kama lipo na lina meno, na barabara kama halipo. Huko atajifunza bajeti inavyosomwa na barua inavyoandikwa, na jambo la njia ya baiskeli au miti ya mtaa linaweza kukamilika kabla hajamaliza shule.

Mwenye uraia na umri wa kupiga kura asiiache kura kwa ajili ya njia nyingine yoyote, kwa kuwa inamchukua saa moja na haimzuii kufanya mengine. Asiye raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya aangalie sheria za mahali alipo, maana zinapishana sana. Ireland humruhusu mkazi yeyote mwenye miaka 18 kupiga kura ya serikali za mitaa bila kujali uraia; Sweden hutaka miaka mitatu ya ukazi uliosajiliwa; Uholanzi hutaka mitano; Ujerumani haimruhusu kabisa anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya. Familia nyingi kutoka Afrika Mashariki na Kongo hukaa Uholanzi au Sweden miaka kumi bila mtu kuwaambia kwamba kadi ya mwaliko wa kupiga kura ya manispaa iliyoingia kwa posta ni yao kweli.

Kikundi chenye miaka mitano ya subira, jumuiya ya kukisaidia na madhara yanayoweza kuonyeshwa kwa ushahidi kiende mahakamani, na kianzie mahakama ya nyumbani. Mwenye jambo moja la mahali pamoja aandike ombi bungeni. Na anayelazimika kuchagua kati ya kukusanya sahihi milioni moja na kupita nyumba kwa nyumba akiwaandikisha vijana wa mtaa wake kabla ya uchaguzi, mimi ningemshika mkono twende tukaandikishe.